Sahani Mbili Zisizoimba Pamoja

Ukiwa ndani ya sanduku lile huoni kitu chochote ila mwanga unaokukimbilia usoni. Ni nukta moja tu, ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, lakini inapita kwa kasi mpaka unaiona kama pazia linalotetemeka. Kuta zimepakwa rangi nyeusi. Kiti kimekazwa sakafuni kwa skrubu. Umeambiwa usitikise kichwa, na kitasa cha mlango kiko upande wa nje tu, kwa sababu aliyelitengeneza hakutaka hata tundu la ufunguo lipitishe mwanga.

Niliingia humo mara ya kwanza mwaka jana, katika jumba dogo la makumbusho ya redio na televisheni lililoko Rockville, Marekani, ghorofani, juu ya duka la mazulia. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme na sina kazi. Niliishi kwa mama mdogo Silver Spring, katika chumba cha chini chenye dirisha lililo usawa wa majani. Asubuhi nilikuwa naona miguu ya watu wanaokwenda kituo cha treni, na nilikuwa nimeshaanza kuwatambua kwa viatu.

Kibali changu kiliniruhusu kubaki nchini baada ya masomo ili nifanye kazi ya fani yangu, lakini hakiruhusu kukaa bure. Siku za kukaa bila kazi zikiisha, unafunga mizigo. Kurudi Moshi lilikuwa jambo ambalo sikuweza hata kulifikiria mpaka mwisho. Walikuwa wamenifanyia ibada ya shukrani, shangazi zangu walikuwa wameshona sare, na baba alikuwa ameshawaambia watu wa mtaani kwamba binti yake anaunda mitambo Marekani. Kwa hiyo mbele kulikuwa na ukuta na nyuma kulikuwa na watu waliovaa sare.

Mama mdogo hakuelewa kwa nini nisiende mji wa Falls Church kwenye kampuni za kompyuta, kama mtoto wa jirani yetu.

"Umeapply wapi leo?" alikuwa akiniuliza kila jioni, kabla hata hajaweka mkoba chini.

"Sehemu tatu."

"Wamesema nini?"

"Watawasiliana."

"Watawasiliana," alirudia, kama mtu aliyeonja mboga akakuta haina chumvi.

Mimi nami nilikuwa nikishuka chumbani na kuanza kuchambua. Yule bwana wa usaili alitabasamu kabla ya kusema watawasiliana au baada ya kusema? Kama ni kabla, labda lilikuwa tabasamu la kweli. Kama ni baada, ndilo lile la kufungia mlango. Niliweza kukaa na swali moja la namna hiyo mpaka miguu ya dirishani ikaanza kurudi kutoka kazini.

Makumbusho niliyapata kupitia kanisani. Mzee mmoja Mmarekani mweusi, fundi mstaafu wa mitambo ya redio, alikuwa anakuja kwenye ibada yetu ya Kiswahili kwa sababu alijifunza lugha hii ujanani katika madarasa ya jioni na hakutaka imtoke. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha binamu zangu waliozaliwa hapa, isipokuwa jambo moja. Aliamini kwamba shikamoo ni salamu ya kila mtu kwa kila mtu.

"Shikamoo, binti," aliniambia siku ya kwanza akinyanyua kofia.

Nikimwitikia marahaba, nimejifanya mkubwa kwa mtu mwenye umri wa babu yangu. Nisipomwitikia, nimekosa adabu. Nikajibu, "Shikamoo, mzee." Akafurahi. Tangu siku hiyo kila tulipokutana tulisalimiana shikamoo kwa shikamoo, na salamu zote mbili zikabaki zinaning'inia bila mwenyewe. Nilitafuta njia ya kumwelekeza, nikaandaa sentensi, nikaipima, nikaiacha.

Yeye ndiye alikuwa roho ya chumba cha nyuma cha makumbusho. Humo alikuwa ameunda upya televisheni ya namna ya mwanzo kabisa, ile ya kabla ya vioo vya umeme, iliyochora picha kwa sahani inayozunguka. Sahani ni ya bati jembamba, pana kama sinia la pilau, na imetobolewa matundu madogo yaliyopangwa kwa mzunguko wa konokono, kila tundu likiwa ndani kidogo kuliko lililotangulia. Nyuma yake unaweka taa kali. Sahani ikizunguka, kila tundu linapitisha nukta ya mwanga inayokata uso wa mtu kwa mstari mmoja. Linalofuata linakata mstari wa chini yake. Sahani ikimaliza mzunguko mmoja, uso mzima umeshapitiwa. Pembeni mwa kiti kuna macho ya umeme yanayopima mwanga unaorudi kutoka usoni. Paji la uso linarudisha mwingi, tundu la pua halirudishi kitu.

Upande wa pili, kwenye chumba cha wageni, kunatakiwa sahani nyingine kama ile na taa ndogo ya neoni nyuma yake. Taa inapanda na kushuka kufuatana na macho ya umeme, na mtu anayechungulia kwenye lenzi anaona uso wa rangi ya chungwa, mdogo kama kisanduku cha kiberiti. Lakini sharti sahani mbili zizunguke kwa mwendo mmoja kabisa. Zikipishana kidogo tu, hakuna uso, kuna michirizi.

Sahani ya pili ilikuwa imepinda, na mzee alinipa mimi kazi ya kuunda mpya.

Mkurugenzi, mama mmoja Mzungu mwenye haraka nyingi na kauli chache, alituambia wazi mbele ya mashine. Kuna siku ya wageni na wafadhili inakuja. Picha ya mtu aliye hai ikionekana siku hiyo, chumba kitabaki na atamwajiri fundi wa kukihudumia, na fundi huyo ni mimi. Isipoonekana, anakigeuza stoo ya redio. Alipotoka, mzee alinipiga bega. Mimi nilikuwa nimebaki na neno moja la mkurugenzi: isipoonekana.

Mzee alikuwa na namna yake ya kulinganisha mwendo. Aligusa ukingo wa sahani kwa kidole gumba, akaitazama picha, akaongeza au akapunguza uzito wa kidole mpaka uso ukatulia. Kidole hicho kilikuwa na sugu kama kisigino. Mimi sikukiamini. Nilitaka kitu ambacho hata mtu asiyejua lolote angeweza kukitumia, kwa sababu nilijua siku ya wageni mikono yangu itatetemeka. Kwa hiyo nilichora alama nyeupe katikati ya sahani, kuizunguka ekseli. Ukiziangalia chini ya taa ya neoni iliyochomekwa ukutani, ambayo hupepesa kwa kufuata umeme wenyewe, alama zinaonekana kusimama tuli pale sahani inapofikia mwendo unaotakiwa. Ni mbinu ya zamani inayojulikana. Nilipiga hesabu, nikapata alama tano, nikazichora kwa rula na rangi nyeupe. Nilihakiki kila kitu mara nyingi: pembe, nafasi ya matundu, unene wa bati. Hesabu ya alama sikuihakiki, kwa sababu ilikuwa rahisi.

Wakati huohuo mzee alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari alimkataza kutazama mwanga unaopepesa mpaka apone. Alikuwa akija hivyohivyo, anakaa kwenye kona ya chumba cha wageni na miwani yake myeusi, mikono juu ya mkongojo, mgongo ameipa mashine.

Ndani ya sanduku niliweka kichwa cha mdoli wa plasta, mweupe pe, waliyekuwa wanamtumia kwa majaribio. Nikawasha. Nikageuza kitufe cha mwendo mpaka alama zangu tano zikasimama tuli, nzuri, kama zimegandishwa. Nikachungulia kwenye lenzi.

Michirizi.

Nilizima, nikawasha, nikageuza. Alama zimesimama. Michirizi. Kitu kama sikio kilipita, kikarudi, kikawa masikio mengi yanayoporomoka.

"Binti, unaona nini?" mzee aliuliza bila kugeuka.

"Sioni kitu, mzee."

"Mwendo je?"

"Mwendo uko sawa. Alama zimesimama."

Ndivyo nilivyojifungia mwenyewe. Kwa kuwa alama zilikuwa zimesimama, mwendo haukuwa na kosa. Na kama mwendo haukuwa na kosa, basi kosa lilikuwa mahali pengine, na mahali pengine palikuwa pengi. Nilifungua kifaa cha kukuza umeme wa yale macho. Nilibadilisha taa. Nilipima matundu kwa lenzi ya sonara, moja baada ya jingine, nikalishuku moja, nikalichonga, nikajuta, nikatoboa sahani nyingine. Nyumbani nilikula bila kujua nakula nini. Treni nayo haikunisaidia. Kutoka Silver Spring kwenda Rockville, Laini Nyekundu inakuteremsha mpaka katikati ya mji, halafu inapinda na kukupandisha tena upande wa pili, kama mshikio wa ndoo. Kwa gari ni karibu tu. Kila siku nilikuwa nasafiri mbali sana ili nifike jirani, na kichwani nilikuwa nafanya vilevile.

Ijumaa, kesho yake wageni wanakuja, mzee alisema kitu.

"Mashine zako haziimbi pamoja."

"Unasemaje, mzee?"

"Sahani hulia. Sikiliza. Ile ya chumbani inaimba chini, hii yako inaimba juu. Moja besi, moja tenori. Zamani zilikuwa sauti moja."

Nikasikiliza. Ni kweli, zilipishana. Lakini mimi nilikuwa na jibu tayari.

"Bati la hii ni jembamba zaidi, mzee. Lazima lilie juu."

"Labda," alisema. Akapapasa hewa kutafuta ukingo wa sahani. "Nipe nijaribu kwa kidole."

"Daktari amekukataza kuangalia."

"Sikusema niangalie. Nimesema kidole."

Sikumruhusu. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba alama ni sahihi kuliko kidole. Aliuweka mkono wake juu ya mkongojo, akasema, "Haya, mhandisi," na sikujua kama ni utani au la. Njiani kurudi nililichambua hilo "haya" lake kuanzia kituo cha kwanza mpaka cha mwisho.

Jumamosi asubuhi niliamshwa na kwaya.

Baba mdogo alipohamia hapa alikuja na gramofoni yake ya umeme kutoka Moshi pamoja na santuri za kwaya za Kilutheri, na akanunua transfoma kubwa kama tofali ili ipate umeme wa kuitosha. Yeye hushinda barabarani akiendesha lori, kwa hiyo mwenye gramofoni kwa kweli ni mama mdogo. Kila Jumamosi anaiwasha, anafunga kitambaa kichwani na kuanza kudeki. Kwaya ile huimba mbiombio. Wanaume wazima wanasikika kama vijana wa sekondari, na nyimbo za maombolezo zinakwenda kama za harusi. Binamu zangu wamekua wakijua kwamba ndivyo kwaya inavyoimba. Mama mdogo mwenyewe, alipokwenda likizo nyumbani na kuisikia kwaya ileile kanisani, alirudi akisema wamezeeka, wanavuta.

Nilipanda ngazi nikiwa na mswaki mdomoni. Alikuwa ameinama chini ya meza na dekio, anaimba nao, na anakimbizana nao ili asiachwe.

"Mama mdogo, kwani hii kwaya kwa nini inakimbia?"

"Si umeme wa huku," alisema bila kuinuka. "Baba yako mdogo alishaeleza. Transfoma inabadilisha nguvu, haibadilishi mwendo. Umeme wa huku una haraka kama wenyewe. Sogeza mguu."

Sikusogeza. Nilikuwa nimesimama pale povu linanitoka, namsikia mzee: hii yako inaimba juu.

Umeme wa nyumbani unageuka mara hamsini kwa sekunde. Wa hapa, mara sitini. Nilikuwa nimeusoma huu wa hapa miaka miwili, nimeuandika sitini katika mitihani yote na kupata alama nzuri. Lakini nilipokaa na rula yangu, peke yangu, kwa hesabu rahisi isiyohitaji kufikiri, mkono ulichukua ile hamsini niliyofundishwa kidato cha tatu. Hamsini ilinipa alama tano. Sitini ingenipa sita. Alama zangu zilisimama tuli, ndiyo, lakini zilisimama kwenye mwendo wa kasi zaidi, ileile kasi ya kwaya ya mama mdogo.

"Nahitaji rangi nyeupe," nilisema.

"Ya nini saa hizi?"

"Alama sita. Mama mdogo, nahitaji rangi sasa hivi, na treni haitanifikisha."

Alinitazama, akaona uso wangu, akaacha dekio palepale. Alirudi na ufunguo wa gari na chupa ya rangi ya kucha, nyekundu kama damu ya mzee.

"Nyeupe sina. Hii haifai?"

Ilifaa. Tulipokuwa mlangoni alinirudisha. "Unakwenda mbele za watu umepauka hivyo?" Akanipaka mafuta usoni kwa viganja viwili, kwa nguvu, kama anavyopakwa mtoto wa chekechea, mpaka paji likawa linateleza.

Barabara ya mzunguko ilikuwa imefungana. Tulikaa katikati ya magari yasiyosogea, yeye anapiga honi isiyo na maana, mimi nachora mzunguko hewani na kuugawanya kwa sita. Niligawanya tena. Nikaanza kuogopa kwamba hata sita si sahihi.

"Acha kuhesabu," alisema mama mdogo.

"Sihesabu."

"Midomo inacheza."

Tulifika wageni wakiwa tayari wanakula biskuti sebuleni. Nilifuta zile tano, nikachora sita za rangi ya kucha, nikazipuliza zikauke. Mkurugenzi akachungulia mlangoni.

"Si mdoli," alisema. "Tulikubaliana mtu aliye hai."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichojitengenezea. Mzee hakuweza kuingia kwenye sanduku kwa sababu ya macho yake. Mama mdogo alikataa katakata, akasema yeye hafungiwi gizani na mashine asiyoijua. Na nje sikuhitajika, kwa kuwa nilikuwa nimechora alama ili mtu yeyote aweze kuiendesha. Aliyebaki ni mimi.

"Mama mdogo, geuza kitufe hiki mpaka alama nyekundu zisimame. Basi. Mengine mzee atakuambia."

"Zikisimama nifanye nini?"

"Chungulia hapa."

Nikaingia. Mlango ukafungwa nyuma yangu. Mwanga ukaanza kunikimbilia usoni. Kupitia ubao nilisikia sahani mbili: moja chini, nyingine juu, halafu ile ya juu ikaanza kushuka, ikashuka, mpaka sauti zikagusana na kuwa moja.

"Zimesimama!" alipiga kelele mama mdogo. Halafu: "Yesu wangu. Ni yeye. Lakini kidevu kipo juu, kichwa kipo chini!"

"Gusa ukingo kwa kidole, polepole sana," ilisema sauti ya mzee. "Kidogo. Mwache ateleze aingie mahali pake."

"Anateleza... anapanda... mzee, anapanda! Kaa hapohapo! Basi. Amekaa."

Nikasikia viti vinaburutwa na watu wanasogea. Mtu akacheka kwa mshangao, kicheko cha mtoto kutoka kwa mtu mzima.

"Uso unang'aa," alisema mzee. Nikajua ameitazama picha, marufuku au si marufuku. "Yule mdoli hakuwahi kung'aa hivi."

"Nimempaka mafuta," alisema mama mdogo.

Halafu viatu vya mkurugenzi vikaja mpaka kwenye ubao. Alisema kwa sauti ya kunifikia kwamba kazi ni yangu. Siku za kawaida nitahudumia mitambo. Kila Jumamosi, wageni wakija, nitakaa humu. Nilitaka kujibu, lakini nilikuwa nimeambiwa nisitikise kichwa, na sikuwa na uhakika kama kusema ndiyo ni kutikisika.

"Tabasamu basi!" mama mdogo alinipigia kelele. "Umepata kazi umenuna kama mfungwa! Watu wanakuona!"

Nikatabasamu. Baadaye aliniambia kwamba tabasamu lilitokea kama mstari mweusi na mistari miwili ya rangi ya chungwa, na kwamba lilikuwa zuri. Mimi sikuliona, wala sitaliona kamwe. Anayekaa kwenye sanduku ndiye peke yake asiyeweza kuchungulia.

Niliendelea kukaa. Jasho lilichanganyika na mafuta likaniingia machoni. Nje walikuwa wanapokezana lenzi, wanaelezana huyu ni nani na anatoka wapi, mama mdogo anasema Kilimanjaro, yule mlima wenyewe. Nilipapasa mlango gizani nikitafuta kitasa ambacho nilijua hakipo.

"Hodi," nikasema, na kugonga ubao.

"Karibu!" aliitikia mama mdogo kwa mazoea, bila kuondoka kwenye lenzi.